Dona Zenaide Anamsomea Nonata

...na hii ndiyo yenyewe, hii yenye alama ya jani, Dona Zenaide alijihakikishia akiigeuzageuza pakiti ya kahawa mkononi, maana Lígia alimwambia kwenye simu, mama, ukiona jani ujue walioichuma wamelipwa na wamelala pazuri, usipoliona irudishe kwenye rafu, na tangu siku hiyo hajanunua nyingine, ingawa hii ni chungu kidogo na Nonata hulalamika kwamba inachelewa kushuka kwenye kichujio cha kitambaa, akaiweka juu ya ukanda wa kaunta kati ya mchele na chupa za maji ya mabibo, akailaza vizuri jani likitazama juu, keshia alione, yule bwana wa nyuma alione, si vibaya watu wakaona kwamba mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini bado anajifunza... foleni ilikuwa imesimama, karatasi ya risiti imekwama tumboni mwa mashine na keshia, msichana mwenye kucha za rangi ya chungwa, alikuwa anaichokonoa kwa kalamu, "Samahanini wapenzi wangu, msimamizi anakuja na ufunguo," na yule bwana wa nyuma aliyekumbatia mfuko wa mkaa akasema, "Ufunguo gani huo, wa mbinguni?" watu wakacheka, Dona Zenaide naye akatabasamu, kwa nini asitabasamu, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza vizuri na huko nje Teresina ilikuwa inaungua kama inavyoungua kila Oktoba, hakuna haraka, chakula cha mchana Nonata angekitayarisha upesi tu, nyama ya chumvi ilikwisha kulowekwa tangu asubuhi, ilibaki kuikaanga na vitunguu... ndipo Nonata, aliyekuwa amesimama kando yake na kikapu cha nyanya, akamnyooshea ile karatasi waliyopewa mlangoni.

"Inasema nini hii, Dona Zenaide?"

"Mambo ya kahawa," akajibu bila kuitazama, "mambo ya kununua kwa uangalifu, yale anayoyasema Lígia," na kweli ni hayo, hakusema uongo, upande wa mbele ulikuwa na picha ya kikombe na maandishi makubwa mekundu, NANI AMEKUFANYIA KAZI LEO?, na yule binti wa chuo pale mlangoni, fulana yake imeandikwa jina lake, Kauane, kifuani, alikuwa anawakimbilia watu na makaratasi yake, "Chukua bibi, haiumi, haiumi hata kidogo, ni karatasi tu!" na kila mlango ulipofunguka sauti yake iliingia pamoja na joto, "...watumwa, ndiyo, leo hii, si enzi za wafalme, shati ulilovaa baba, mkaa huo utakaochomea nyama Jumapili..." mlango ukajifunga, na Dona Zenaide alipita pale dakika ishirini zilizopita akamwambia, hongera binti yangu, endeleeni hivyo hivyo, mimi nyumbani nilishabadilisha kahawa, na yule binti akafurahi, akampa Nonata naye karatasi yake, akamtazama Nonata kidogo, akatazama gauni lake la kitenge cha zamani cha Lígia kilichopunguzwa urefu, akataka kusema kitu, akamgeukia mpita njia mwingine... alitaka kusema nini? Pengine hakutaka kusema lolote, vijana wana macho ya kudadisi, wanakaa kwenye simu mchana kutwa halafu wanajifanya wameona kila kitu, "Kahawa tu?" Nonata akauliza, "mbona huku nyuma kuna maneno mengi hivi?"

Huko nyuma. Dona Zenaide akaichukua karatasi na kuigeuza, akashusha miwani puani, jicho lake la mwalimu likauvuta ukurasa mzima mara moja kama lilivyokuwa likivuta madaftari ya watoto arobaini, UTAMJUAJE MTU ANAYESHIKILIWA UTUMWANI?, halafu mistari, mstari wa kwanza, anafanya kazi bila mshahara au kwa chakula na malazi tu, na jicho likashuka lenyewe bila kuulizwa, hana siku ya mapumziko, hati zake zimeshikwa na mtu mwingine, alichukuliwa akiwa mtoto kwa ahadi ya masomo... akaikunja. Akaikunja haraka mno, akajua ameikunja haraka mno. Miguu ikawa baridi, ni kiyoyozi, hiki kiyoyozi chao siku moja kitaua mtu, na akajisikia akisema, "Ni yale yale tu, mashamba, mashambani huko," na Nonata akasema ahaa, akarudisha macho kwenye nyanya zake, akaanza kuzigeuza moja moja kutafuta iliyopondeka, kama afanyavyo kila mara, ana mkono mzuri wa kuchagua nyanya Nonata, mtu wa nyumbani kabisa, si mfanyakazi, hakuwahi kuwa mfanyakazi, ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia, Nonata wa kwa Dona Zenaide, amelelewa pale kama mtoto, anakula tunachokula... anakula tukimaliza. Anakula amesimama, sahani juu ya sinki, lakini hilo ni yeye mwenyewe, tuliwahi kumwambia akae mezani, tulimwambia lini? Krismasi ile, mume wangu Abelardo bado mzima, Nonata njoo ukae, na yeye akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na kweli dakika haikupita mtu akaomba barafu, nani aliyeomba barafu, akainuka, hakurudi kukaa tena... ni mimi niliyeomba.

"Jamani, bia yangu inachemka!" akapaza sauti yule bwana wa mkaa, na keshia akamjibu, "Itie mdomoni baba, humo haichemki," kicheko kingine, lakini Dona Zenaide alikuwa amekwisha kuvuka mto, alikuwa ng'ambo ya Parnaíba, ng'ambo ya mji wa Timon, kwenye barabara ya vumbi jekundu, ana miaka thelathini na minne, amekwenda na wenzake kuandikisha shule za vijijini, na pale chini ya paa la makuti yupo mama mmoja ameketi mchangani, shoka limelala kinyumenyume chini ya goti lake, makali juu, anaweka kokwa ya mchikichi wa babasu juu ya makali na kuipiga kwa rungu, pa, anaweka nyingine, pa, watoto saba wamemzunguka, mume amekufa, na wa tatu kwa kuzaliwa ni msichana wa miaka tisa mwenye macho makali anayehesabu kokwa kwa sauti bila kukosea, na Dona Zenaide akasema, na alisema kwa moyo mweupe, Mungu wangu wewe wajua ulikuwa mweupe, "Mama Filomena, nipe huyu. Atasoma. Mimi ni mwalimu, nakuahidi atasoma," na yule mama hakulia, akajifuta mikono kwenye sketi, akamwosha mtoto uso kwa maji ya kibuyu, akamwambia, "Nenda na mwalimu, ukirudi uje unisomee barua zangu," na barua zenyewe wakati huo hakuwa nazo hata moja, alisema tu. Akasoma miezi mitatu. Miezi mitatu alikwenda shuleni na sare, soksi nyeupe, alikuwa amefika kwenye herufi ya M, Dona Zenaide anakumbuka kwa sababu mtoto aliandika M kwa mkaa kwenye ukuta wa ua na Abelardo akagomba, halafu Lígia akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama panya, hanyonyi, halali isipokuwa begani kwa mtu, na bega lililokuwepo ni la Nonata, basi wakasema apumzike shule kidogo mpaka mtoto aanze kutembea... Lígia akatembea. Halafu mpaka aanze kusema, halafu mpaka aanze shule, na siku Lígia alipoanza shule aliyembebea mkoba mpaka getini ni Nonata, ana miaka kumi na mitano, akasimama pale nje akishika vyuma vya geti mpaka kengele ikalia, na Dona Zenaide alimwona kutoka dirishani mwa ofisi yake ya mwalimu mkuu, alimwona vizuri, akajiambia, angalia anavyompenda mtoto. Nimefundisha nusu ya mji huu kusoma. Kuna mawakili waliojifunza a e i o u kwenye mapaja yangu, kuna padri, kuna yule wa redio, na mtu aliyelala hatua kumi kutoka kitandani kwangu kwa miaka thelathini na sita ananiletea karatasi na kuniuliza, inasema nini hii.

Na mimi humwambia ninachotaka. Hapana, usiende huko, Zenaide, tazama hizo pipi, tazama majarida, kuna nani kwenye jalada, mwigizaji gani huyo, kaolewa tena... lakini barua ilikuwa inakuja, hakuweza kuizuia, bahasha ya kijivu yenye alama ya kikombe cha mtu aliyekiweka juu yake njiani, wiki ya komunyo ya kwanza ya Lígia, wageni wanne kwa kila kiti, keki ya ghorofa tatu, mabata, vitambaa vya meza vya kupigwa pasi, na barua imeandikwa na mwalimu wa kijijini kwa mwandiko mzuri wa kulala, Mama Filomena anasema mguu umevimba mpaka juu, anasema hajisikii kwamba atafika mavuno, anaomba Nonata aje, hata siku mbili, anataka tu kumwona, na Nonata amesimama mbele yake na aproni, mikono ina unga, miaka kumi na tisa, anachekea barua hata kabla haijafunguliwa, "Anasemaje? Anasemaje?" na Dona Zenaide alisoma. Alisoma kwa sauti nzuri ya darasani, macho yake yakifuata mistari kweli kweli kama anayesoma, mama yako anakusalimia sana, hajambo, mvua zimenyesha vizuri, na halafu, kwa nini aliongeza, nani alimwomba aongeze, akasema, mbuzi amezaa mapacha. Nonata alipiga makofi, unga ukaruka hewani. "Mapacha! Yule mbuzi mchakavu?" Akawaambia wageni, akamwambia muuza maziwa, na miezi ile yote alikuwa akiuliza ghafla katikati ya kufua, hivi wale mapacha sasa watakuwa wakubwa kiasi gani... mpaka binamu mmoja dereva wa lori alipopita karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane, watoto wanarundika kuni za mioto mitaani, akabisha mlango wa nyuma akasema pole dada, tulimzika, ni muda sasa, na Nonata akakaa chini pale pale kwenye saruji ya ua. Hakupiga kelele. Baadaye, siku nyingi baadaye, akiwa anapiga pasi, akauliza bila kuinua kichwa, "Mbona barua haikusema anaumwa?" na Dona Zenaide akamjibu, "Labda hakutaka kukutia wasiwasi, mama zetu ndivyo walivyo," na hata akamwekea mkono begani, na Nonata akaushika ule mkono akaubusu. Aliubusu. Miaka ishirini na sita mkono huu naosha nao uso na kufanya nao ishara ya msalaba...

"Bibi, hii kahawa ni yako?" Keshia alikuwa amekata tamaa na mashine, anajisogeza kwa mazungumzo, ameinua ile pakiti. "Ndiyo hiyo wanayoitangaza pale nje? Shangazi yangu anasema ni tamu." Dona Zenaide akasema ndiyo, ni nzuri, walioichuma... akashindwa kumaliza. Aliona mkono wa Nonata saa kumi na moja alfajiri ukichota kijiko cha kahawa yenye jani, aliona kikombe kikija juu ya sinia na kitambaa, na yeye kitandani amejiegemeza mito akisoma ujumbe wa Lígia kutoka Brasília, mama usinunue chokoleti ile, mama tupa zile fulana, mama dunia ni moja, halafu mwisho kabisa daima, Nonata hajambo? na yeye akijibu, hajambo, anakusalimia, hata asipokuwa amemwambia kitu. Lígia naye, mtoto aliyelala kwenye bega lile, anajua majina ya mashamba ya ng'ambo ya bahari wanakoteswa watoto, hajawahi kuuliza kwa nini Nonata hana kitabu cha kazi cha serikali, kile kinachoandikwa mshahara, hajawahi kuuliza kwa nini chumba cha nyuma ya jiko hakina dirisha... kina tundu, kina tundu la hewa na feni. Tulimnunulia feni. Na kitambulisho chake kipo kwenye droo ya Abelardo na hati za nyumba, kwa usalama, asije akakipoteza, na alipokuja yule fundi wa mafriji, mwanamume mpole, akawa anarudi kutengeneza friji ambalo halijaharibika, Abelardo alimfukuza getini na mimi nilisema afadhali, angeteseka naye. Nani aliniambia angeteseka? Nilitaka chakula changu cha mchana, basi. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna lingine, nilitaka nguo zipigwe pasi na nilitaka nipendwe kwa hilo pia.

Mlango ukafunguka tena, joto likaingia, na sauti ya yule binti Kauane, sasa imekwaruza, "...si lazima awe na minyororo mama, wengine wana funguo za nyumba kabisa, muulize tu, muulize analipwa nini..." mlango ukajifunga, na Dona Zenaide hakuthubutu kugeuza shingo, lakini alijua, kwa jinsi nyanya zilivyoacha kugeuzwa, kwamba Nonata naye amesikia.

"Mashambani," Nonata akasema taratibu.

"Eeh."

"Yeye kasema nyumba." Ana miaka arobaini na mitano na mvi mbili juu ya sikio ambazo Dona Zenaide hakuwahi kuziona, au aliziona leo. "Nisomee yote, Dona Zenaide. Huko nyuma. Watu wenyewe wamesimama tu hapa."

Angeweza. Sauti ilikuwa tayari kooni, ile ile nzuri ya darasani, ingetoka bila shida, inasema tusinunue mkaa usio na muhuri, inasema tuwe wema kwa wanyama, na Nonata angesema ahaa, nao wangerudi nyumbani, nyama na vitunguu, pasi, usingizi wa mchana, angekufa siku moja kwenye mito yake na Nonata angemvalisha na kulia kwa uchungu wa kweli, na hilo ndilo lililomshinda, kwamba angelia kwa uchungu wa kweli... akaifungua karatasi, mikunjo haikutaka kulala, akailainisha juu ya mfuko wa mchele. Akakohoa. "Utamjuaje mtu anayeshikiliwa utumwani," akasoma, na sauti haikuwa ile ya darasani, ilikuwa ya mtu anayesoma kwa shida. "Moja. Anafanya kazi bila mshahara, au kwa chakula na malazi tu." "Mbili. Hana siku ya mapumziko. Tatu. Hati zake zimeshikwa na mtu mwingine. Nne. Alichukuliwa akiwa mtoto..." yule bwana wa mkaa alikuwa ameushusha mfuko wake, keshia ameinua macho kalamu mkononi, "...akiwa mtoto, kwa ahadi ya masomo. Tano." Ya tano alikuwa hajaiona, aliikunja karatasi kabla ya kuifikia, sasa akaiona na akataka miwani ipasuke. "Tano. Ananyimwa habari za ndugu zake."

Alisubiri swali. Alikuwa na hakika litakuja, akaliandalia na jibu, si jibu la uongo safari hii, alikuwa ameshalishika ulimini, Nonata, ile barua, mwaka wa komunyo, mama yako alikuita... lakini Nonata hakuuliza. Alikuwa anaitazama karatasi, si Dona Zenaide, uso wake umetulia kama uso wa mtu anayehesabu jambo refu na hataki kukatishwa, na Dona Zenaide akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba hajui huyu mwanamke anafikiri nini, kwamba hakuwahi kujua, si leo, si juzi wala siku ile ya saruji, miaka thelathini na sita alikuwa anaishi na sauti yake mwenyewe akidhani ni wawili wanaozungumza.

"Mshahara ni lipi hapo?" Nonata akauliza.

"Hili."

Nonata akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya neno, akabonyeza mpaka karatasi ikabaki na alama. "Linaanza na M," akasema.

"Ndiyo. Linaanza na M."

"Na huku chini kabisa?"

"Hiyo ni namba. Namba ya simu. Mtu akitaka... ni ya bure, mtu anapiga, wanamsikiliza." Ikatoka yote. Alishangaa ilivyotoka.

"Namba nazijua," Nonata akasema. "Ni maneno tu."

Akaichukua karatasi kutoka juu ya mchele, akaikunja mara mbili bila haraka, akiufuata mkunjo kwa kidole kama anavyofuata pindo la shati, na Dona Zenaide, ambaye alikuwa anataka kusema nisamehe, alijisikia akinyoosha mkono na kufungua mkoba na kusema, kwa mazoea tu, kwa mazoea ya maisha mazima, "Lete nikutunzie, utaidondosha."

"Nitaitunza mwenyewe," Nonata akasema, akaiingiza ndani ya gauni upande wa kifua, akainama kuokota nyanya moja iliyoviringika chini ya ukanda, na keshia akarudi kuchokonoa mashine, na nyuma yao mtu akauliza tena, huyo msimamizi anatoka wapi jamani, na Dona Zenaide alibaki vile vile, mkono mbele, mkoba wazi, watu wakitazama, hawezi kuufunga.